FYUZI INAYOUNGUA KILA MARA: JINSI YA KUITAFUTA SHOTI KATIKA GARI

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

(Kiongozi wa darasa: kabla ya somo kuanza, andika ubaoni maneno haya, na wanafunzi wayasome kwa sauti: fyuzi, betri, waya, swichi, balbu, shoti, ampea.)

   Kila mmoja awe na daftari na kalamu, kwa maana leo tutapiga hesabu kidogo.

Leo tutasoma juu ya kitu kidogo unachoweza kukishika kwa ncha za vidole viwili, nacho ni fyuzi ya gari. Huenda mtu akasema, "Mimi sina gari. Fyuzi yanihusu nini?" Ndugu yangu, huna gari, lakini unapanda gari. Mkungu wako wa ndizi unakwenda sokoni kwa gari. Mgonjwa wako anapelekwa hospitali kwa gari. Gari ambalo fyuzi yake imefanyiwa mchezo laweza kuwaka moto watu wakiwamo ndani. Au laweza kwenda usiku bila taa za nyuma, likagongwa na lori. Kwa hiyo jambo hili latuhusu sote.

Neno kubwa la leo ni hili. Fyuzi inapoungua kila mara, mgonjwa si fyuzi. Fyuzi ni mlinzi anayepiga kelele kwamba mwizi ameingia. Usimzibe mlinzi mdomo. Mtafute mwizi.

KAZI YA FYUZI

Betri ya gari dogo ni ya volti 12. Malori mengi makubwa hutumia volti 24. Umeme hutoka upande mmoja wa betri, hupita katika fyuzi na swichi, hufuata waya mpaka kwenye taa, hufanya kazi yake ya kuangaza, kisha hurudi kwenye betri.

Je, hurudi kwa njia gani? Hapa ndipo wengi wanapopotea. Katika gari, njia ya kurudi ni chuma cha gari lenyewe, yaani bodi na chasisi. Upande wa hasi wa betri umefungwa kwenye chuma hicho, na kila taa nayo imeunganishwa na chuma kilicho karibu nayo. Faida yake ni kwamba hakuna haja ya kuvuta waya wa pili kutoka kila taa mpaka kwenye betri. Lakini kuna hatari yake pia. Popote waya wenye umeme utakapogusa chuma cha gari, umeme utakuwa umepata njia ya mkato ya kurudi kwao. Hiyo ndiyo shoti.

Wale mliopata kuona mifereji ya maji katika miteremko ya Kilimanjaro mtaelewa upesi. Maji huletwa kwa mfereji kutoka mtoni mpaka kwenye migomba. Ukingo ukitoboka njiani, maji hayafiki tena shambani. Yote hutelemkia pale palipotoboka, kwa nguvu, na kuchimba udongo. Migomba haipati kitu, na ukingo unazidi kubomoka. Umeme nao ni vivyo hivyo. Ikipatikana shoti, haufiki kwenye taa. Hurudi kwa njia ya mkato, tena kwa nguvu nyingi, kwa sababu njiani hakuna kazi ya kuuzuia.

Nguvu hizo ni nyingi kiasi gani? Sasa chukueni kalamu. Wingi wa umeme unaopita katika waya hupimwa kwa ampea. Ukitaka kujua taa inatumia ampea ngapi, gawanya wati za balbu kwa volti za betri. Tuseme pikapu ina taa ndogo tano: mbili za mbele, mbili za nyuma, na moja ya kumulika namba. Kila balbu ni ya wati 5. Tano mara tano ni 25. Gawanya 25 kwa 12. Mtapata ampea 2 na kidogo tu. Ikiwa fyuzi ya taa hizo ni ya ampea 10, basi taa nzima haziwezi hata kidogo kuiunguza. Fyuzi hiyo ikiungua, jueni liko jambo jingine.

Sasa fikirini betri hiyo hiyo. Ndiyo inayozungusha injini unapowasha gari, na kazi hiyo yaweza kutaka ampea mia moja na zaidi. Shoti inapotokea, wingi huo wa umeme hutaka kupita katika waya mwembamba wa taa. Waya hauwezi kuuchukua. Utapata moto kama kaa, gamba lake la plastiki litayeyuka, na nyaya za jirani zitaungua pamoja nao.

Kwa sababu hiyo ndani ya fyuzi kumewekwa kipande chembamba cha chuma, ambacho kazi yake ni kuyeyuka kwanza. Kikiyeyuka, njia ya umeme imekatika na waya umepona. Fyuzi za magari ya zamani nyingi zilikuwa za kioo. Tangu miaka ya 1970 zimeenea fyuzi bapa za plastiki zenye miguu miwili. Namba ya ampea imeandikwa juu yake, na rangi pia ina maana: nyekundu ni ampea 10, buluu ni 15, manjano ni 20, kijani ni 30.

MAZUNGUMZO YA DEREVA NA FUNDI

Sasa sikilizeni mazungumzo haya. Dereva hubeba ndizi kwa pikapu kutoka Marangu kwenda sokoni Moshi. Huondoka kabla ya alfajiri, kwa hiyo hawezi kwenda bila taa. Anafika kwa fundi, mtu mzima aliyemzidi umri.

DEREVA: Hodi! Shikamoo, mzee.

FUNDI: Marahaba, kijana wangu. Karibu. Gari lina nini?

DEREVA: Taa ndogo, mzee. Nikiziwasha tu, fyuzi inaungua. Tangu juzi nimeweka fyuzi tatu. Leo tingo wangu ameizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Taa hazikuwaka, lakini tulisikia harufu ya plastiki inayoungua. Nikazima upesi.

FUNDI: Umefanya vema kuzima. Kwanza toa karatasi hiyo, ndipo tuzungumze. Sasa niambie: fyuzi inaungua papo hapo unapowasha, au baada ya kwenda kidogo?

DEREVA: Papo hapo.

FUNDI: Basi hiyo ni shoti kamili. Kama ingeungua baada ya dakika kadhaa, ningesema labda mzigo umezidi, pengine mtu ameongeza taa nyingi kwenye waya mmoja. Kama ingeungua penye mashimo tu, ningesema kuna waya unaocheza na kugusa chuma. Haya, swali la pili. Gari hili lilifanyiwa kazi gani kabla ya taabu hii kuanza?

DEREVA: Hakuna kazi ya umeme, mzee. Wiki iliyopita nilinyooshewa bampa ya nyuma tu. Hiyo ni kazi ya chuma.

FUNDI: Tutaona. Tazama, hii ni balbu ya taa ya breki, volti 12, wati 21. Nimeiunga nyaya mbili. Natoa fyuzi iliyoungua, na mahali pake naweka nyaya hizi mbili. Sasa washa taa ndogo.

DEREVA: Balbu yako inawaka sana, mzee! Lakini taa za gari hazionyeshi hata dalili.

FUNDI: Sasa balbu hii ndiyo mlinzi. Umeme wote unaokimbilia kwenye shoti lazima upite ndani yake, nayo hairuhusu hata ampea 2 kupita. Waya hauwezi kuungua, na hatupotezi fyuzi nyingine. Tena balbu inazungumza nasi. Ikiwaka sana, shoti ipo. Ikizima, shoti imeondoka. Haya, toa balbu zote tano za taa ndogo.

DEREVA: Nimezitoa. Balbu yako bado inawaka vile vile.

FUNDI: Basi shoti haimo ndani ya balbu. Imo katika nyaya au katika holda. Nyaya ni ndefu, lakini hatutazifungua zote. Tutazigawa nusu kwa nusu. Hapa chini ya bodi kuna plagi inayounganisha nyaya za mbele na nyaya za nyuma. Ichomoe.

DEREVA: Nimeichomoa. Ah! Balbu imezima, na taa za dashibodi zimeanza kuwaka!

FUNDI: Vema. Upande wa mbele ni mzima. Mwizi yuko nyuma. Rudisha plagi. Sasa chomoa taa ya kushoto.

DEREVA: Bado inawaka.

FUNDI: Chomoa ya kulia.

DEREVA: Bado, mzee.

FUNDI: Umebaki waya wa taa ya namba. Uchomoe pale unapotengana na nyaya nyingine.

DEREVA: Imezima!

FUNDI: Lala chini, uufuate waya huo kwa macho mpaka mwisho wake.

DEREVA: Nimeuona, mzee. Umebanwa kati ya bampa na chasisi, karibu na bolti. Gamba limepasuka, na shaba inagusa chuma.

FUNDI: Ndiyo ile kazi ya chuma uliyoniambia. Aliyerudisha bampa aliubana waya bila kujua.

MAMBO YA KUSHIKA

Ndugu wasikilizaji, angalieni jinsi mzee yule alivyofanya. Hakukimbilia kukata nyaya. Alianza kwa kuuliza maswali mawili: fyuzi inaungua wakati gani, na gari lilifanyiwa nini kabla. Mara nyingi majibu ya maswali hayo hupunguza nusu ya kazi. Mtu aliyefunga redio mpya, aliyetoboa bodi kwa skrubu, au aliyeondoa viti, aweza kuwa ameugusa waya. Anayeulizwa hukumbuka kazi za umeme tu, kwa hiyo ulizeni kazi zote.

Kisha alitumia balbu badala ya fyuzi. Balbu ya wati 21 ni rahisi kupatikana, tena yatosha. Nayo hupata moto mkali, kwa hiyo msiilaze juu ya kiti au zulia. Ining'inizeni mahali peupe.

Tena aligawa njia nusu kwa nusu. Hiyo ndiyo akili ya kazi hii. Ukiwa na nafasi 16 za kutazama, ukazitazama moja moja, waweza kufika ya mwisho ndipo uone kosa. Lakini ukiweza kuzigawa nusu kila mara, zitabaki 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1. Vipimo vinne vimekwisha kukufikisha.

Je, kama balbu ya kupimia ingezima pale dereva alipotoa balbu za gari? Hapo tungejua kwamba nyaya ni nzima, na mwizi ni balbu mojawapo. Rudisheni moja moja. Balbu nzima ya wati 5 itawaka yenyewe, na balbu ya kupimia haitaonyesha mwanga wa maana. Mkifika kwenye balbu mbovu, ile ya kupimia itawaka sana ghafula.

Na shoti inayokuja na kuondoka? Mtu mmoja aitazame balbu, wa pili atikise nyaya polepole kutoka mwanzo hata mwisho. Pale zitakapotikiswa na balbu ikamulika, hapo ndipo.

Tazameni zaidi sehemu ambako waya hukutana na mwendo, ncha kali au joto. Tazameni nyaya zinazopita kwenye bawaba za milango, kwa kuwa hukunjwa kila siku. Tazameni matundu ya chuma ambayo raba yake imetoka, soketi ya tela iliyoingia maji na matope, na nyaya zilizolala karibu na bomba la moshi. Msisahau panya, kwa maana gari lililokaa muda mrefu bila kutembea huweza kuliwa nyaya.

KUTENGENEZA

Mkiisha kuiona shoti, zimeni gari na kufungua betri, mkianza na upande wa hasi. Sababu ni hii: mkianza na upande wa chanya, spana ikagusa bodi, mtakuwa mmetengeneza shoti nyingine kubwa mikononi mwenu.

Ikiwa ni gamba tu limepasuka na shaba ni nzima, safisheni na kufunga vizuri kwa tepu ya umeme. Ikiwa shaba imekatika, ungeni kwa lehemu au kwa kiungio cha waya, kisha mfunge. Lakini kufunga tepu peke yake ni nusu ya kazi. Waya ukirudishwa pale pale palipoubana, utapasuka tena. Upitisheni njia nyingine, mrudishe raba kwenye tundu, na kuufunga usicheze. Halafu rudisheni betri na mpime tena kwa balbu. Isipowaka sana, toeni balbu hiyo, na ndipo muweke fyuzi mpya ya namba ile ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha sanduku la fyuzi.

MAMBO YA KUKATAZWA

Msiweke kamwe karatasi ya fedha, msumari, sarafu au waya wa shaba mahali pa fyuzi. Vitu hivyo haviyeyuki mapema. Kitakachoyeyuka ni waya wa gari, chini ya zulia, chini ya miguu ya abiria. Msiweke fyuzi ya ampea 30 mahali pa ampea 10, kwa sababu ni kosa lile lile kwa sura nyingine. Mlinzi aliyepewa ruhusa ya kupitisha wezi watatu si mlinzi.

Magari ya siku hizi yana mifuko ya hewa inayofura ajali inapotokea. Plagi zake kwa kawaida ni za rangi ya manjano. Msiziguse wala msizipime kwa balbu, kwa maana mfuko waweza kufura ghafula na kumwumiza mtu. Vile vile fyuzi za kompyuta ya injini mwachieni fundi mwenye vyombo vyake. Na mkiona dalili ya petroli inayovuja, msifanye kipimo chochote cha umeme hapo. Cheche moja yatosha kuleta msiba.

Ninyi mnaopanda tu, mnayo haki ya kusema. Mkisikia harufu ya plastiki inayoungua ndani ya gari, mwambieni dereva asimame. Mkiliona gari linakwenda usiku bila taa za nyuma, mwambieni dereva wake. Huenda hajui, kwa sababu taa za nyuma hazionekani kutoka kwenye usukani.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Umeme wa gari hurudi kwenye betri kwa njia gani?
2. Taa mbili za breki zina balbu za wati 21 kila moja. Betri ni volti 12. Zinatumia ampea ngapi?
3. Kwa nini fundi aliuliza juu ya kazi iliyofanywa kabla ya tatizo kuanza?
4. Dereva anataka kuweka fyuzi ya ampea 30 mahali pa ile ya 10 ili afike nyumbani. Mtamwambia nini?

Jibu la swali la pili litakuwa ampea 3 na nusu. Yale mengine jadilianeni wenyewe, na kila mmoja aandike jibu moja kwa sentensi tatu.

Juma lijalo tutasoma juu ya betri yenyewe: namna ya kuitunza, na kwa nini asubuhi nyingine hukataa kuzungusha injini. Mpaka hapo, ndugu wasikilizaji, kwa herini.